Usaili Kanda ya Ziwa: Kutoka Kivukoni Hadi Mbele ya Jopo

Machi 29 na 30, 2025, vijana wa kila pembe ya nchi waliingia kwenye vyumba vya mtihani kuwania kazi Mamlaka ya Mapato Tanzania. Nafasi zilikuwa 1,596. Maombi yalizidi 135,000. Ukigawanya, kila kiti kimoja kilikuwa na wagombea zaidi ya 80, na Mwanza, mojawapo ya vituo vya usaili huo, ilipata sehemu yake ya umati wenye bahasha za kaki kwapani.

Wenye kumbukumbu watasema hayo si mageni. Juni 13, 2014, Idara ya Uhamiaji ilitaka watu 70 na wakajitokeza zaidi ya 10,000. Usaili ukapelekwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, watu wakaandikia mtihani kwenye viti vya mashabiki wa mpira, karatasi mapajani.

Katika wingi wa namna hiyo, kazi ya kwanza ya anayesaili ni kupunguza watu. Hana muda wa kutafuta kipaji kilichojificha; anatafuta sababu ya kuweka faili pembeni, na sababu hiyo mara nyingi msailiwa huileta mwenyewe kutoka nyumbani. Mtaani, iwe Mabatini au Igoma, ukitaja kwamba kesho una intavyuu, hakosi mtu wa kukukatisha tamaa: kazi zina wenyewe, bila koneksheni unajisumbua. Upendeleo upo, na anayesema haupo anawadanganya vijana. Lakini wapo pia, tena wengi, wanaoishia mlangoni kwa mambo ambayo hayamhusu mjomba wa mtu yeyote.

La kwanza ni karatasi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kinachoendesha usaili wa kazi nyingi za serikali, kila ikitoa tangazo la kuita watu huambatanisha masharti yaleyale, na kila mara wapo wasioyasoma. Msailiwa afike na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, hadi astashahada, stashahada au shahada kulingana na sifa za kazi. Matokeo ya muda hayakubaliwi, wala zile karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita. Awe na kitambulisho chenye picha. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika. Mwenye taaluma inayosajiliwa na bodi, kama vile muuguzi au mhandisi, aje na cheti cha usajili, na leseni pale inapotakiwa. Namba ya mtihani aichukue mapema kwenye akaunti yake ya Ajira Portal, kwa kuwa siku ya usaili haitolewi. Nauli, chakula na malazi ni juu yake.

Ukali huu una historia, na historia yenyewe inamgusa mtu wa ziwani. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha kuwa watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Tangu hapo hakuna mwajiri wa serikali anayetaka kusikia hadithi ya cheti kilichobaki chuoni kwa sababu ya deni la ada. Mwenye deni la namna hiyo amalize ugomvi wake na chuo kabla tangazo halijatoka, maana likitoka siku hazitoshi.

Kisha kuna jina. Hapa ndipo Kanda ya Ziwa ina tatizo lake hasa. Mtoto pacha wa Kisukuma huzaliwa akaitwa Kulwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika Kurwa. Akibatizwa anapata jina la Emmanuel, lenye m mbili. Cheti cha kidato cha nne kinatoka na m moja. Anapojiandikisha kitambulisho cha taifa, karani anamuuliza jina la babu, nalo linaongezwa mwishoni. Baadaye mtu huyohuyo anasimama mbele ya meza ya uhakiki akiwa na karatasi tatu za watu watatu. Nyumbani kila mtu anamjua. Mezani hakuna anayemjua. Majina yakitofautiana, Sekretarieti hutaka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hati hiyo haipatikani kwa asubuhi moja. Inahitaji mwanasheria, ada, na kusubiri. Anayehitimu mwaka huu angefanya vyema akae chini siku moja, atandaze karatasi zake zote mezani, asome herufi moja baada ya nyingine. Ni kazi ya saa moja, na haina raha yoyote.

Baada ya karatasi inakuja safari, nayo kwa watu wa huku si jambo dogo. Kabla ya Juni 19, 2025, mtu wa Geita au Sengerema aliyeitwa Mwanza kwa saa mbili asubuhi alikuwa na adui mmoja mkubwa: kivuko cha Kigongo na Busisi. Foleni ikiwa nzuri, alivuka mapema. Foleni ikiwa mbaya, saa mbili zilimkuta bado ng'ambo, tai shingoni, akiyatazama maji. Siku hiyo ya Juni Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa gari linavuka kwa dakika chache. Kisingizio cha foleni ya kivuko kimekufa kwa watu wa upande huo.

Hakijafa kwa watu wa visiwani. Wa Ukerewe bado anategemea meli ya kutoka Nansio au kivuko cha Rugezi kuelekea Kisorya na kisha barabara ya Bunda. Wa Ukara ana maji mawili ya kuvuka. Wa Kome na Maisome wanajua wenyewe habari ya upepo wa alasiri. Ziwa halisomi tangazo la usaili. Kwa hiyo mtu wa kisiwani aingie mjini siku moja kabla, hata kama atalala chini sebuleni kwa shangazi yake Nyegezi. Na akifika, jioni ileile aende akalione jengo kwa macho. Mwanza ni mji wa vilima na mawe; majengo mawili yanayotazamana yanaweza kuwa na barabara mbili zisizokutana, na dereva wa bodaboda atasema anapajua hata asipopajua.

Saa nayo iangaliwe. Barua za mashirika binafsi huja kwa Kiingereza na saa za Kizungu, matangazo ya serikali huja kwa Kiswahili, na mtu aliyeamka na wasiwasi anaweza kuchanganya. Aandike kwenye karatasi kwa saa anayoitumia nyumbani, aibandike mlangoni.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Soko la Mlango Mmoja limewavisha wafanyakazi wengi wa ofisi za Mwanza, na shati la mtumba lililofuliwa na kupigwa pasi vizuri halina tofauti na la dukani likiwa mwilini. Suti si lazima. Jopo la kumtafuta fundi wa mitambo halitegemei kumwona bwana harusi. Viatu ndivyo vinavyomsaliti mtu wa huku. Ukishuka kutoka Igogo au Bugarika msimu wa mvua, njia ni tope na mawe. Wenye akili hushuka na ndala, viatu vikiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa, wakavivaa wakifika karibu na geti. Hakuna atakayecheka, kwa kuwa nusu ya waliopo pale wamefanya vivyo hivyo.

Sasa mlango unafunguka. Jina limeitwa, ndani kuna meza ndefu na watu watatu au watano. Hapa malezi ya nyumbani yanasaidia, na wakati huohuo yanaweza kuponza.

Yanasaidia kwenye salamu. Kijana aliyelelewa vizuri Usukumani anajua kuamkia. Amezoea kuanza siku na mwangaluka kwa wakubwa kabla ya kitu kingine chochote. Mbele ya jopo lenye watu wa rika la wazazi wake, shikamooni moja kwa wote, kwa sauti inayosikika, inatosha. Kuna washauri wa mjini wanaosema shikamoo haifai ofisini, useme habari za asubuhi tu. Ushauri huo unafaa pale wanaosaili wanapokuwa vijana wenzake, au mahojiano yanapoendeshwa kwa Kiingereza. Kuufanya sheria ya kila mahali ni kumnyang'anya mtu adabu yake bure. Asubiri kuambiwa karibu uketi. Simu iwe imezimwa, maana mtetemo wa simu mezani unasikika kama mlio. Vyeti awe amevipanga kwa mfululizo ambao ataulizwa, asianze kuchambua bahasha kama mtu aliyepoteza tiketi.

Malezi yanaponza linapokuja suala la kujisemea. Mtoto wa huku amefundishwa kwamba mbele ya wakubwa mtu hunyamaza, hujibu kwa ufupi, hutazama chini, na kamwe hajisifu. Sifa zako watazisema wengine. Hilo ni zuri kwenye kikao cha ukoo. Kwenye usaili hakuna wengine. Ukinyamaza, aliyekaa kimya pale ni mtu asiyejulikana. Ndipo wengi, wakijaribu kujitoa kwenye ukimya huo, hurukia upande wa pili na kumwaga maneno waliyoyakariri kwenye simu.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa hisabati, tuseme, amejitolea miaka miwili katika shule ya kata huko Sengerema. Anaulizwa swali ambalo karibu kila jopo huanza nalo: tueleze kuhusu wewe. Jibu la kawaida ni hili: naitwa fulani, ni mtoto wa nne katika familia ya watoto saba, nilianza shule ya msingi mwaka fulani, mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana. Hakuna uongo humo. Hakuna kitu pia. Jopo limeshasikia maneno hayohayo tangu saa mbili asubuhi, na aliyekaa katikati ameanza kutazama dirishani.

Mtu yuleyule anaweza kusema hivi: "Nimefundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili kwa miaka miwili, kwa kujitolea. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 90 na vitabu 12. Niligawa makundi, kila kundi na kitabu chake, na kila Ijumaa kundi moja lilisimama ubaoni kuwafundisha wenzake. Kilichonisumbua ni siku za giza, wavulana wanapokwenda ziwani usiku kuvua dagaa kwa taa. Asubuhi wanasinzia au hawaji. Nikamwomba mwalimu wa taaluma tubadilishane vipindi, hisabati ikahamia baada ya chai. Mahudhurio yakapanda, ingawa si wote waliorudi."

Tazama alichofanya. Hajajisifu popote. Hajasema ni mbunifu, hajasema ana uongozi. Ametaja darasa, idadi, tatizo, alichojaribu, na mahali kilipokomea. Mtu wa Sengerema anaweza kuyasema maneno hayo mbele ya babu yake bila kuona haya, na bado jopo limepata kila lilichokuwa linatafuta. Zaidi ya hapo, amewapa wajumbe mahali pa kuuliza swali la pili. Mjumbe mmoja atataka kujua vitabu 12 aligawaje kwa watu 90. Mwingine atauliza mwalimu aliyebadilishana naye kipindi alisemaje. Majibu yapo, kwa kuwa mambo yalitokea. Aliyetunga hadithi huishia kwenye swali hilo la pili. La kwanza alilifanyia mazoezi, la pili hakulitarajia, na jasho huanza kuonekana juu ya mdomo.

Ndiyo maana maandalizi ya maana ni kuchukua daftari na kukumbuka kazi halisi iliyofanywa, hata kama haikulipwa: mazoezi ya vitendo ya chuo, duka la mama pale Buzuruga, uhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kusimamia wapakuaji Mwaloni Kirumba. Vijana wengi huona aibu kuyataja kwa kuwa hayana mhuri. Mtu aliyetunza daftari la madeni ya duka kwa mwaka mzima bila kugombana na jirani hata mmoja ana la kumwambia mwajiri wa idara ya fedha, na alitaje bila woga.

Upande wa pili wa maandalizi ni kumjua anayeajiri, na kwa Mwanza elimu hiyo iko nje ya mlango. Tuseme mtu anaomba kazi ya udhibiti wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na baadaye akawa bidhaa kubwa ya kupeleka Ulaya. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu ambayo baadhi ya wavuvi walikuwa wakiitumia kuvulia, na mwaka uliotangulia kulikuwa na zuio jingine lililotokana na kipindupindu. Viwanda vikasimama, mialo ikanyamaza. Msailiwa anayeijua habari hii anaelewa kwa nini anaulizwa kuhusu barafu tangu ndani ya boti, kwa nini gogo la mbao halitakiwi pale samaki anapokatiwa, kwa nini jina la mwalo alikotoka samaki linaandikwa kwenye fomu. Asiyeijua atajibu kwamba usafi ni muhimu. Nani asiyejua kwamba usafi ni muhimu?

Vivyo hivyo kwa anayeomba Mamlaka ya Maji ya Mwanza: ajue maji ya mji yanavutwa wapi, kuanzia chanzo cha Capri Point hadi kile kipya cha Butimba, kilichojengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, na aweze kueleza kwa nini mtu wa mlimani bado anaweza kukaa bila maji hali ziwa analiona kwa macho. Swali hilo la msukumo wa maji na miinuko hata mama ntilie analiuliza kila wiki. Mhandisi aliyekuja kuomba kazi hawezi kulikwepa.

Migodini swali huwa la aina nyingine. Mgodi wa dhahabu wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na kazi za migodi ya kanda hii huombwa na watu wa nchi nzima. Mambo ya usalama huulizwa kabla ya mambo ya ufundi. Fikiria swali kama hili: umemwona mkuu wako wa kazi, mtu mzima, anaingia eneo lililokatazwa bila kofia ngumu, utafanya nini? Wapo watakaosema watatoa taarifa kwa maandishi. Wapo watakaokaa kimya wakiwaza heshima. Jibu la mtu aliyelelewa huku na akaelewa kazi ni jepesi: "Nitamsimamisha hapohapo. Nitasema, shikamoo mzee, samahani, hapa hapaingiwi bila kofia, nikuletee?" Heshima imekaa mahali pake, na mzee hajaingia.

Kuna jambo la lugha pia. Vijana wengi wenye ujuzi mzuri huanguka kwa Kiingereza. Wanajua kurekebisha pampu, hawajui kuieleza kwa lugha waliyofanyia mitihani tu. Jopo likiwa na uungwana huruhusu Kiswahili, na msailiwa ana haki ya kuomba, kwa sentensi moja ya heshima, aeleze jambo la kiufundi kwa Kiswahili. Akikataliwa, aseme polepole kwa sentensi fupi. Kinachochosha jopo ni Kiingereza cha mbwembwe kinachozunguka kama daladala isiyojua kituo. Na asilolijua aseme halijui, kisha aongeze angeanzia wapi kulitafuta. Jopo lina wataalamu wa somo hilohilo. Kuwababaisha ni kujitafutia fedheha.

Lakini adabu si deni la msailiwa peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, hali ya VVU, umri na mengineyo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Hata hivyo wanawake bado husimulia wanavyoulizwa kama wameolewa, kama mume amekubali, kama wana mpango wa kuzaa mwaka huu. Mwanaume aliyeingia dakika kumi kabla hakuulizwa. Afanyeje aliyekaa kwenye kiti, anayehitaji kazi kuliko anavyohitaji kushinda hoja? Wapo wanaojibu kwa upole kwamba majukumu ya nyumbani hayatazuia ratiba ya kazi, kisha wakarudisha mazungumzo kwenye kazi yenyewe. Jibu hilo linamvusha mtu, ila lawama inabaki kwa aliyeuliza, na mwenyekiti wa jopo anayeruhusu maswali hayo ajue kwamba sheria haiko upande wake.

Kubwa kuliko hilo ni rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja katika kifungu cha 25 kuwa kosa: mtu mwenye mamlaka kutumia nafasi yake kudai ngono ili atoe ajira au upendeleo wowote. Anayeambiwa usaili wake utamalizikia hotelini jioni amepata kesi ya TAKUKURU, na simu ya bure ya taasisi hiyo ni 113.

Pembeni ya wadai ngono hao wamekaa matapeli. Majina ya walioitwa kwenye usaili yakibandikwa mtandaoni, yanasomwa na kila mtu, wakiwamo wenye nia mbaya. Baada ya hapo simu inalia: hongera, umepita, tuma elfu hamsini ya vipimo vya afya, au ya faili, au ya bosi. Maombi kwenye Ajira Portal hayalipiwi, usaili haulipiwi, na hakuna mkuu wa idara anayepokea malipo ya serikali kwenye laini yake ya simu. Migodi nayo hutoa onyo hilohilo mara kwa mara. Bado watu hutuma, kwa kuwa mtu aliyekaa mtaani miaka sita hutaka sana kuamini.

Miaka sita ya kusubiri si mfano wa kubuni; waulize walimu. Zamani walimu wa shule za serikali hawakusailiwa. Walipangwa na TAMISEMI. Nafasi 14,648 za ualimu zilipotangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, maombi yalizidi 200,000, na usaili ukafanyika mikoani mwanzoni mwa 2025. Umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, ukapinga. Hoja yao ilikuwa kwamba wahitimu wa kuanzia 2015, waliosubiri foleni kwa miaka, hawastahili kushindanishwa kwa mtihani na waliotoka chuoni juzi, vitabu vikiwa bado vya moto kichwani. Hoja hiyo ina uzito, na kuijibu kwa kusema ushindani ni afya ni kutowasikiliza. Upande wa pili, foleni pekee haimwambii mzazi wa Misungwi ni nani anayejua kufundisha. Pengine njia ya haki ingekuwa kuipa miaka ya kujitolea darasani alama zake zinazohesabika. Faida moja ya wazi ya utaratibu mpya ni kusailiwa karibu na nyumbani. Nauli ya basi kutoka Mwanza hadi Dodoma na kurudi, pamoja na gesti ya siku mbili, iliwahi kuwa mchujo wa kimyakimya ambao haukuandikwa kwenye tangazo lolote.

Baada ya mahojiano kuna kazi ndogo ambayo wengi huisahau. Sekretarieti huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu mahojiano lakini nafasi zikawa hazikutosha, na nafasi ya kada hiyo ikitokea, hata katika taasisi nyingine, mtu anaweza kupangiwa kituo bila kusailiwa upya. Kupangiwa huko hutangazwa wakati mwenyewe ameshaanza kuuza nguo Makoroboi au amevuka kwenda Kome kununua dagaa. Laini ya simu imefungwa, nywila ya akaunti imesahaulika, na tangazo lina tarehe ya mwisho ya kuripoti. Anayeishi mbali na mtandao amwachie ndugu mmoja wa kuaminika kazi ya kupitia matangazo kila wiki, na simu iliyoandikwa kwenye maombi iendelee kuwa hai. Kituo chenyewe kinaweza kuwa Newala au Mpanda, na nauli ya kwenda huko inatakiwa iwe imeanza kutafutwa kabla jina halijatoka.